Nyuki Watatu kwenye Mdomo wa Juu

Miaka ile baada ya vita, kwetu Bukoba mtu mwembamba alikuwa na kesi ya kujibu. Wakati wa vita yenyewe, tulipokimbia mizinga tukalala kwenye migomba ya watu tusiowajua, wote tulikuwa wembamba na hakuna aliyeuliza. Kisha ukaja ugonjwa ule wa Ukimwi, ambao watu waliupa jina la shati lililokuwa likivushwa mpakani kwa magendo, na wembamba ukawa ushahidi. Mimi nilizaliwa Kaagya nikiwa mwembamba na nikakua hivyohivyo. Mwaka niliotaka kuoa nilikuwa na miaka ishirini na sita na kiuno cha mtoto wa darasa la tano.

Mwili niliweza kuuficha. Nilikuwa karani kwenye duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi pale Miembeni, na nilivaa mashati mawili chini ya koti, jua liwake lisiwake. Midomo ndiyo iliyonishinda. Nilirithi midomo ya mama, myembamba kama mstari wa kalamu, na upepo wa ziwani uliipasua ikawa myekundu. Midomo myekundu siku zile ilihesabiwa kuwa dalili. Sijui daktari gani alisema hivyo, ila sokoni madaktari walikuwa wengi. Wateja walipokea kitambaa chao huku wakinitazama mdomoni, halafu wakaniuliza kwa upole kama nakula vizuri.

Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Muleba, na midomo yangu hakuwahi kuitaja. Niliyemwogopa ni shangazi yake, mjane aliyemlea. Nilitakiwa kwenda kujitambulisha kwake Jumapili moja, na nilikuwa nimesikia kwamba alishawakataa wachumba wawili wa wasichana wa ukoo ule kwa kuwatazama tu, bila kuwauliza neno. Nikaamua kwamba mimi nitafika na midomo iliyojaa.

Mteja mmoja alinielekeza Kahororo, kwa bwana mmoja aliyewahi kubeba masanduku ya dawa wakati wa vita na kurudi akijiita daktari. Alisifika kwa kudunga dawa ya kujaza: mashavu, makalio, popote mtu alipopungukiwa. Nilikwenda asubuhi, nikakuta wanawake wawili na mwanamume mmoja kwenye benchi. Nilimwuliza dawa yake ni nini. Akasema ni mafuta. Nikamwuliza ni mafuta gani. Akasema ni mafuta mazuri.

Sindano ilikuwa moja. Alimdunga wa kwanza, akaisuuza kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, akamdunga wa pili. Zamu yangu ilipokaribia nilisema nimesahau funguo za duka, nikaondoka kwa hatua ndefu. Ningependa kuandika kwamba niliwaza juu ya damu na ugonjwa, kwa kuwa redio ilikuwa ikituonya kila siku. Ukweli ni kwamba naogopa sindano tangu utoto. Baadaye watu walinisifu kwa busara yangu, nami sikuwasahihisha.

Ningekuwa na akili, mambo yangeishia hapo. Lakini nilikuwa na mjomba pale Kaagya, aliyefuga nyuki pembeni ya kibanja chake cha kahawa na migomba. Aliwahi kunisimulia kwamba nyuki alimuuma mdomoni, ukajaa vizuri kwa siku mbili. Jumamosi, siku moja kabla ya safari ya Muleba, nilimwomba aniwekee nyuki watatu kwenye mdomo wa juu. Alinitazama kwa muda, akauliza kama nimewahi kuumwa na nyuki. Nilijibu kwamba nimeumwa mara nyingi. Sikuwahi kuumwa hata na mmoja. Mjomba akawashika kwa mabawa, mmojammoja, akanibandika.

Maumivu sitayaeleza. Kwa muda wa saa moja hivi nilikuwa na midomo mizuri kuliko yote niliyopata kuwa nayo, nikajitazama kwenye kioo cha mjomba mpaka akanitania. Kisha uvimbe ukaendelea. Jumapili asubuhi mdomo wa juu ulikuwa umegusa pua, jicho la kushoto limefumba, na mdomo wa chini, ambao sikuutengea nyuki, umebaki mstari wa kalamu kama zamani. Basini nilijifunika kwa leso. Aliyekaa kando yangu aliniomba radhi, akahamia nyuma.

Mchumba wangu alinipokea njiani. Alisimama, akanitazama, akaniuliza kama nataka turudi. Nilisema hapana, au nilijaribu kusema.

Shangazi alikuwa amekaa sebuleni kwenye nyasi mpya zilizotandikwa kwa ajili ya mgeni. Nilipiga magoti kumsalimia. Akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama ilivyo desturi, na kuikataa ni tusi. Nilitia punje mdomoni, zikatoka. Nikazitia tena. Shangazi alizitazama zikidondoka kwenye nyasi, kisha akauliza nina nini.

"Ni nyuki, shangazi."

"Nyuki gani huyo anayejua kuchagua mdomo wa juu peke yake?"

Sikuwa na uongo uliotayarishwa, na hata ningekuwa nao nisingeweza kuutamka. Nikamweleza yote kwa shida: mashati mawili, bwana wa Kahororo, mjomba. Mchumba wangu aliinamisha kichwa, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Shangazi hakucheka.

"Nimezika watoto wawili," alisema. "Wote walikuwa wanene mpaka mwezi wa mwisho, na midomo yao ilikuwa mizuri. Ulifikiri natazama midomo?"

Alinieleza kwamba wale wachumba wawili aliwakataa kwa kuwa walikataa kwenda kupima damu. Nami akaniambia nirudi uso ukipona, niende hospitali pamoja na mchumba wangu, halafu ndipo tuzungumze. Tulikwenda wote wawili. Nilipoona sindano nilifumba macho, na mchumba wangu akanishika mkono kama mtoto. Majibu yalikuwa mazuri, tukaoana kabla ya msimu wa senene.

Mwaka jana binti yetu wa mwisho, anayefanya kazi Dar es Salaam, alipiga simu kusema anataka kujaza midomo kwa sindano. Mama yake alinipa simu, akasema mtaalamu ndiye huyu. Nilimwuliza binti yangu anayedunga amesomea wapi, dawa inaitwaje, na ikiharibika inaweza kuyeyushwa au la. Nikamsihi asimfiche daktari chochote kuhusu afya yake, na asifanye wiki yenye harusi wala usaili. Mwisho nikamwuliza ni nani aliyemwambia midomo yake ina kasoro.

Akasema ni watu tu. Nikamwambia nawafahamu hao, walikuwa wateja wangu.

Alikwenda kumwona daktari, akauliza maswali yote, akapewa majibu, na bado anafikiria. Midomo yake, kwa taarifa yako msomaji, ni ya mama yangu kabisa.