Jirani alipinga change of user yetu Witeithie, nikadhani ni wivu

Sasa wakuu, natumai mko poa popote mlipo.

Hii si hekaya ya kuambiwa. Ilinipata mimi mwenyewe, na shamba ni la tata yangu, dada ya baba. Mkiona nimeongeza chumvi mahali, mniulize hapa hapa.

Mimi ni msichana fundi wa sofa. Shule niliishia form four, hiyo ingine nyundo ndiyo ilinifunza. Nilikuwa nafanyia kazi kando ya barabara Mwiki, na mvua ikianza nakimbia na foam kichwani kama mtu amefukuzwa kwa nyumba.

Tata akaniita kwake, upande wa ndani wa Witeithie.

"Kuja ujenge workshop hapa. Hii mahindi inakula mbolea kuliko vile inanilisha."

Wakuu, nilitembea nikicheka peke yangu. Showroom mbele, workshop nyuma, maua kwa mlango. Yote nilikuwa nishaona.

Shida ni moja. Hilo shamba limeandikwa la kilimo, na county haikubali workshop hapo mpaka ubadilishe matumizi. Ndiyo hiyo change of user. Planner tuliyempata, mtu wa kutuchorea ramani na kupeleka ombi, akasema tuweke tangazo kwa gazeti na ubao kwa shamba, ndio jirani mwenye pingamizi aseme.

Nikasimamisha ubao kwa gate. Kizungu kirefu, agricultural to light industrial, yaani kutoka kilimo kuwa viwanda vidogo. Hata selfie nilipiga nao!

Haukupita muda planner akapiga simu. Kuna mtu amepinga.

Nani? Mzee Kariuki, yule tunapakana naye kwa ua. Huyo mzee hutuletea ndizi. Mimi humwita guka, yaani babu, na si hata ndugu yetu.

Tata alichemka. "Ni wivu! Watu wa hapa wanakupenda ukiwa na matope kwa miguu. Usimsalimie tena."

Sasa mimi kununia mtu siwezi. Nikanunua mkate nikaenda kwake.

Nilimpata akikatia ng'ombe nyasi ya nepia.

"Guka, nilikukosea wapi?"

Aliweka panga chini akanipeleka nyuma ya nyumba, mpaka karibu na ua. Hapo ndipo alizikwa mke wake, cucu Wangari. Mazishi nilihudhuria, hata sufuria nilisaidia kuosha.

"Mami, ubao wako nilisomewa na watu wa stage ya matatu. Wakasema hapa panakuwa industrial kama Thika. Sasa niambie, kwa industrial watu huzikwa wapi? Huyu watamtoa? Na mimi mahali pangu ni hapa."

Akanionyesha na kidole cha mguu, kando ya mkewe.

Wakuu, nilikuwa nimejipanga kujibu maneno ya kelele na vumbi. Badala yake nikaanza kulia, na ni yeye akanibembeleza.

"Haya nyamaza, utalowesha mkate."

Tukaenda naye ofisi ya mipango Thika. Ofisa akamweleza kwa Kikuyu, bila haraka: ombi ni la shamba la tata peke yake. Lake linabaki la kilimo, na kaburi liko kwake, hakuna wa kuligusa.

Guka akauliza, "Na mkija kubadilisha huku kote?"

Ofisa hakumdanganya. Akasema mji unakuja na hawezi kumwahidi kitu, ila siku hiyo wananchi lazima waitwe, na yeye aende aseme.

Tulirudi guka akiwa bado na hofu. Mimi nikamwambia planner achore upya. Workshop isogee upande wa barabara, kwa ua yabaki mahindi. Showroom ikakosa nafasi. Iliniuma, sitawadanganya.

Guka alipoona ile michoro mpya, akaondoa pingamizi. Tata, na aibu yake, akamuuliza kama kelele za nyundo hazitamsumbua.

"Nyumba yangu imenyamaza tangu cucu wenu aende. Wacha huyu agonge."

Kibali kilitoka, na mabati yameshapanda.

Nilichojifunza: ubao kwa gate ni wa kutosheleza sheria. Jirani anataka uingie kwake, mkunywe chai, umweleze kwa lugha anayosikia, kabla hujachimba hata shimo la huo ubao. Na si kila anayekupinga anakuchukia. Wengine wanaogopa tu.

Sasa wenye mashamba yenu yaligeuka plot huko Ruiru, makaburi ya wazazi mlifanyaje? Niambieni ukweli hata kama ni mbaya. Guka huniuliza kila nikipitia kwake, na bado sina la kumwambia.