Kochi la Ngazi

Mtaa mzima ulikuwa ukiomba Ngazi abaki. Fundi Sponji, mtengeneza makochi, peke yake ndiye aliyeomba aondoke, tena kimyakimya, maana angesikika angepigwa mawe.

Ngazi ni mchezaji wa mpira wa kikapu ambaye mji huu haujapata kuzaa mwingine mfano wake. Milango yote humwinamisha, na mkono wake ukishaachia mpira wewe andika pointi tu, usingoje. Mkataba wake na timu ya mji ulikuwa umekwisha, akawa huru kusaini popote apendapo. Basi tetesi zikaota miguu. Mara anakwenda kwa matajiri wa mji wa viwanda, mara anavuka mpaka, mara kamalizana na timu ya mji wa milimani na shemeji yake kaonekana huko akitafuta nyumba ya kupanga. Lisemwalo lipo, walisema watu, kisha kesho yake wakasema jingine.

Fundi Sponji aliishikilia hiyo ya milimani. Huko ndiko alikoolewa binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki na kumwacha akiwa bado analala mchana juu ya marundo ya sponji karakanani. Ni safari ya basi ya kutwa nzima. Hakuwa amemtia machoni tangu harusi.

Mtu atauliza: baba mzima, ana nauli, ana miguu, anazuiwa na nini? Anazuiwa na kinywa chake. Siku ile ya harusi alipopewa nafasi aseme neno, watu walimshangilia, kichwa kikamvimba. Akatangaza kwamba yeye si baba wa kuwafuata watoto na kwenda kuhesabu vijiko nyumbani kwa mkwe. "Mkiniona mlangoni kwenu," akasema, "mjue nimefuata shughuli zangu, sikuwafuata ninyi!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na bibi harusi naye akacheka huku akijifuta macho. Ulimi uliponza kichwa. Tangu hapo kila akiwaza kwenda anajiona akiyalamba matapishi yake mbele ya mkwe, na yeye ni katika wale wanaokufa na tai shingoni.

Binti naye hakuthubutu kumwalika. Hupiga simu jioni. "Shikamoo baba, umekula?" "Marahaba mama, nimekula," hata siku ambazo hajatia kitu mdomoni. Baada ya hapo wote wawili hukimbilia habari za kikapu, maana za moyoni hazina pa kuanzia.

Lakini Ngazi akihamia kule! Nani atamcheka mtu aliyemfuata mchezaji wake? Fundi angeshuka kwenye basi na fulana ya timu, aseme nimekuja kuangalia mechi, nikaona si vibaya nipite niwajulie hali. Angekaa mechi ya kwanza, angekaa ya pili, na msimu una mechi nyingi, Mungu ashukuriwe. Hilo neno "nipite" alikwishalifanyia mazoezi mbele ya kioo hadi likawa linatoka kama la mtu asiyejali.

Katikati ya tetesi hizo, Ngazi akaleta kochi.

Lilikuwa kochi refu ajabu, ambalo fundi huyuhuyu alilitengeneza zamani ili miguu ya mwenyewe isining'inie. Springi zilikuwa zimelegea na kitambaa kimechakaa. Dereva alilishusha, akasema lifumuliwe lote, akaondoka. Mtaa ukapata wazimu. Mtu hukarabati kochi ili alikalie, au ili alihamishe? Muuza rangi wa duka la jirani akahamia karakanani na kikombe chake cha chai.

"Kachagua kitambaa gani?"

"Cha kijivu."

"Kijivu! Huyo anaondoka. Mimi nauza rangi, jirani, nawajua watu. Mtu wa kukaa huchagua rangi ya kuficha uchafu."

"Kijivu kinaficha uchafu."

Muuza rangi akanywa funda moja, akatafakari. "Basi anabaki."

"Anaondoka," fundi akadakia, upesi kuliko alivyotaka.

"He! Kwani wewe timu yako ipi?"

"Mimi nashona tu, bwana. Nipishe na mkasi wangu."

Akashona kweli. Alibadilisha springi zote, akakaza mikanda ya chini, akapiga misumari ya ziada kwenye pembe. Alipomaliza alizivisha zile pembe kadibodi, akalizungushia kochi nailoni nene na kulifunga kamba madhubuti. Hakuna aliyemwagiza. Kochi la kusafirishwa mitaa miwili halivishwi kadibodi, na fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Hata hivyo alipofunga fundo la mwisho alilipigapiga mgongoni kama mtoto anayepelekwa shule ya bweni.

Safari hii Ngazi alikuja mwenyewe. Aliinama mlangoni, akaingia, akaliona furushi lile na kuangua kicheko.

"Shikamoo fundi. Mbona umelifunga hivi, linakwenda wapi?"

"Marahaba. Barabara ya milimani ina mashimo," fundi akasema bila kuinua macho.

"Milimani?" Ngazi akashusha sauti. "Mzee wangu, hili liwe letu hadi kesho watakapotangaza redioni. Nimeshasaini. Nabaki hapahapa. Mama hataki kuhama, na mimi siwezi kukaa mahali ambapo namwona mama kwenye picha. Hebu lifungue nilikalie."

Fundi akachukua kisu, akazikata kamba zake mwenyewe moja baada ya nyingine. Ngazi akakaa, akanyoosha miguu yote, akafumba macho kwa raha.

"Hujafurahi, mzee?"

"Nimefurahi sana," fundi akajibu, na sauti ikamwangusha. Ngazi akafumbua macho, akamtazama, asielewe kakosea wapi.

Kochi lilipokwisha kubebwa, fundi alibaki na kadibodi zake. Karakana ikawa kubwa. Alitamani kumwona mwanawe siku hiyo kwa hamu ya mtu mwenye kiu, aibu yote ikawa haina maana lakini bado haijaondoka. Simu ikalia, kabla hata jua halijashuka.

"Baba! Huku wote wanasema anakuja! Mume wangu ameapa!"

"Wanasema hivyo?"

"Kila mtu! Nami kile chumba cha uani nimeshakitoa magunia, nimekipaka chokaa, kitanda nimeweka. Maana msimu ukianza utakuja, si ndiyo? Ngazi huwezi kumkosa wewe."

Fundi akakaa chini juu ya sponji. Kumbe muda wote ule walikuwa wawili wakimwombea mtu mmoja.

"Baba? Unanisikia?"

Alikuwa ameahidi kutunza siri, lakini mtoto wa kumzaa atafichwaje? "Haji, mama."

"Nani kasema?"

"Mwenyewe. Ametoka hapa sasa hivi."

"Haya," binti akasema. "Kwa hiyo na wewe huji."

Hakuuliza. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyekwishazoea, na kule kuzoea ndiko kulikomchoma fundi.

"Nakuja," akasema.

"Mechi gani tena, baba?"

"Hakuna mechi. Nakuja kukuona wewe. Nimekukumbuka hadi naumwa, mwanangu, tangu uliponiaga na shela lako. Sijui kwa nini nimekaa nikimngoja mcheza kikapu anipe ruhusa."

Alisikia simu ikisogezwa mbali na mdomo, kisha kilio cha mtu anayejiziba kwa kiganja.

"Huku kuna baridi," binti akasema kwa taabu. "Chukua sweta. Chukua mbili, baba."