Simu Isiyofika Chumbani kwa Mama

Mamangu alivunjika nyonga mwaka ule ule dada yangu, aliyeolewa Maskati, aliposhika mimba yake ya kwanza. Tangu aanguke hakushuka tena ngazi. Chumba chake kilikuwa orofa ya juu kabisa, simu iko chini karibu na mlango wa nje, na nyumba yetu ya Mji wa Kale ilikuwa kubwa, kuta zake za mawe ya matumbawe nene hata mtu aweza kujinyoosha dirishani akalala.

Shemeji akatupatia msafiri atuletee simu isiyo na waya. Kitako chake tulikichomeka chini, nami nikapanda na mkono wake. Ngazi za mwanzo sauti ilikuwa safi. Kwenye kona ikaanza kukwaruza. Chumbani kwa mama ilikuwa kama mtu akaanga samaki.

Jioni moja, siku za dada kujifungua zikiwa zimekaribia, ikalia nikiwa kando ya kitanda cha mama. Nikamsikia shemeji: "Tumempeleka hospitali tangu jana, na daktari asema..." Kisha mkwaruzo. Nikateremka mbio. Nilipofika chini alikuwa amekata.

"Daktari asemaje?" mama akaniuliza niliporudi.

"Sikusikia, mama. Kuta zimekula maneno."

"Kuta, au mwanificha? Babenu alipofariki mlinambia yuwapumzika hospitali."

Ni kweli tulimwambia hivyo, hata jeneza likaletwa.

"Sitaki habari kwa mdomo wa mtu," akasema. "Nataka kumsikia mwanangu."

Nikapiga nambari ya nyumbani kwao Maskati. Ikalia tu. Nikapiga tena, na tena, nikitembea barazani hadi jikoni, jikoni hadi barazani, mpaka shangazi yangu, tuliyekuwa tukiishi naye, akasema, "We mtoto, kaa kitako, wanitia kizunguzungu!" Nikakaa. Nikainuka.

Asubuhi shangazi akatoa shauri tumshushe mama kwa kiti. Tulipomwinua tu alipiga ukelele, tukamrudisha. Hapo ndipo niliposema kama mama hawezi kuifuata simu, basi simu ipande. Nikavaa buibui nikaenda mjini kutafuta waya. Kila duka niliona wananichelewesha kwa salamu: u hali gani, wa nyumbani hawajambo, mama yuwaendeleaje. Nilijibu nikiwa nimeshageuka mlangoni.

Niliuangusha waya kutoka dirisha la mama linaloangalia ua wa ndani. Shangazi akaudaka chini, akauvuta hadi mlangoni, kisha akapanda na kitako cha simu akakichomeka kwenye ncha ya juu, nami nikashuka kuunga ncha ya chini. Kimya. Nikafungua, nikaunga upya. Kimya tena. Mara ya tatu shangazi akapaaza sauti kutoka juu: "Yavuma! Yavuma!"

Tukakiweka kitako dirishani, mkono wa simu mapajani mwa mama. Chakula cha mchana hakuna aliyekigusa. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha simu ilipolia. Mama akaiokota kabla yangu.

"Sitaki wewe, baba," akamwambia shemeji. "Nipe mwanangu."

Akaibana simu sikioni. Nikamtazama uso nikashindwa kuusoma. Kisha akasema, "Sema tena," na machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. Akaisogeza simu nami nikasikia sauti ya dada yangu, nyembamba, yenye usingizi: alikuwa amepasuliwa, mtoto ni wa kike, wote wazima.

"Mshono wauma? Wamekupa uji? Nani yuko nawe hapo?" Mama aliuliza kila kitu, akarudia, mpaka shemeji akamwomba amwache mgonjwa apumzike.

Baadaye akalala, usingizi mzito wa mtu aliyekesha. Shangazi akaenda kupasha chakula moto. Mimi sikuweza kutulia. Miguu ilikuwa bado yataka mbio. Nikatoka nikapita vichochoro hadi mbele ya Ngome ya Yesu, nikageuka, na kila niliyekutana naye nilimsimamisha nikamwambia nimekuwa mama mdogo.