Mafuta ya Kondoo Kwa Mguu Yangu

Mwaka wa 2012 nilikuwa mkimbiaji, na kama unanijua usicheke sana. Sisi wamama wa Kakuma tulikuwa tunafanya mazoezi kwa mchanga ya laga, mto iliyokauka, halafu siku ya mashindano tukapelekwa Lodwar. Nilikimbia kama mbuzi imeona fisi. Jua kali, na maji sikunywa, niliogopa kubanwa na mkojo mbele ya watu. Nikamaliza nyuma ya mama mwenye wajukuu.

Nikalala kwa mama mkwe, huko huko Lodwar. Asubuhi mguu ya kushoto imefura chini ya goti, ngumu, moto. Mama mkwe akaleta mafuta ya mkia wa kondoo. Kwake hiyo ni dawa ya mgongo, ya mtoto, hata ya ngamia.

"Lala. Ni mshipa imejikunja."

Akasugua. Huyo mama amekamua ngamia maisha yake yote, vidole ni kama koleo.

"Mama, utaniua kabla nikuzalie mjukuu!"

"Si ungekuwa umeshazaa? Kukimbia tu. Unakimbilia nini?"

Nikauma shuka. Kwa mkoba yangu, ndani ya soksi, kulikuwa na tembe za kupanga uzazi. Mimi na mzee wangu tulikubaliana tungoje. Kuambia mamake, kila mtu alimwachia mwenzake.

Akiendelea kusugua, kifua ikanichoma nikivuta pumzi. Nikatafuta utani ya kusema, pumzi haikutosha. Hapo ndio niliogopa. Mama mkwe akaona nimenyamaza, akaita pikipiki.

Hospitali, daktari akagusa mguu. "Nani amesugua hii?"

"Mimi," mama mkwe akasema, kifua mbele.

"Usisugue tena." Akanigeukia. "Kuna dawa unatumia? Ya kupanga uzazi?"

Shanga za shingo ya mama mkwe zikaacha kulia. Nikaangalia ukuta. Ningesema hapana, ingekuwa rahisi. Kifua ikanichoma tena.

"Tembe," nikasema. "Karibu mwaka."

Daktari akatuelezea polepole. Wengi wanameza hizo tembe bila shida, lakini kuna watu damu yao inaanza kuganda haraka. Sasa ukikimbia kwa nguvu mpaka mwili inakauka maji, damu inazidi kuwa nzito. "Iliganda hapa kwa mguu. Naogopa kipande imefika kwa mapafu. Ukisugua, unaweza kuisukuma huko."

Mama mkwe akaanza kupanguza mikono na shuka, kidole kwa kidole.

"Kumbe nilikuwa namsukumia kifo."

"Hukujua, mama," nikasema.

"Na wewe ulinyamaza tu!"

Nikamshika mkono, bado iko na mafuta.

Nilidungwa sindano za tumbo, za kuzuia damu kuganda, siku nyingi, tembe nikasimamishwa. Niliporudi kwake, jirani akaja na mkebe ya mafuta kunisaidia. Mama mkwe akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Peleka hiyo kwa sufuria yako."

"Na mjukuu uliyekuwa unalilia je?" jirani akauliza.

"Kwani mimi nimekuambia niko na haraka?"