Moyo Mmoja Kwenye Picha ya Boga

Edwin Thackray hakununuliwa na mtu. Hilo lieleweke kabla ya mengine yote, maana tangu azikwe maneno yamezagaa Harrowbeck, kuanzia kwenye bucha hadi mlangoni mwa kanisa: eti diwani alitoka ukumbini makusudi, kura ikapigwa bila yeye, na bustani za mboga za kando ya mto zikaangukia mikononi mwa wajenzi. Kutoka, alitoka. Mkewe, Muriel, alikuwa amekaa safu ya mbele na alimwona. Lakini kilichomtoa ni boga.

Kabla ya udiwani Edwin alikuwa fundi wa mabasi, mtu mrefu aliyeinama kila mlangoni, hata pale mlango ulipomtosha. Kwenye kipande chake cha bustani alilima maboga ya mashindano ya vuli, na aliyalea kama watoto. Asubuhi moja ya baridi Muriel alilikuta blanketi lake la sufu huko, limefunika boga.

"Edwin! Blanketi la mama yangu!"

"Lilikuwa linatetemeka, mpenzi."

"Blanketi?"

"Boga. Hata wewe ungetetemeka ukilala nje."

Kampuni moja ya ujenzi ilipoomba kibali cha kujenga nyumba pale bustanini, mji ulihamia kwenye kundi lake la Facebook. Watu walitukana, walilia, walibandika picha za karoti. Muriel, aliyefundisha jiografia maisha yake yote, alichoka kuwaambia: "Iandikieni halmashauri! Huko mnapigiana kelele wenyewe kwa wenyewe, hakuna anayewahesabu." Walimjibu kwa vidole gumba na kuendelea.

Edwin peke yake alinyamaza. Alikuwa kwenye kamati ya mipango miji, na diwani wa kamati hiyo hatakiwi kuonyesha upande kabla ya kuwasikiliza wote. Akionyesha, kura yake imekwenda. Baa walimchokoza, "Diwani, umemeza ulimi?" Alijibu, "Nautunza kwa ajili ya ukumbini." Ni Muriel tu aliyejua kwamba, kwa aliyoyasoma mpaka hapo, moyo wake ulielekea kukataa.

Basi jioni moja, miwani ikiwa juu ya paji la uso na simu ameishika mbali kama gazeti, alipaza sauti kutoka jikoni.

"Muriel, njoo uone boga! Hili linalipita langu, kusema kweli."

Akabonyeza alama ya moyo chini ya picha. Juu ya picha kulikuwa na maneno, lakini Edwin hakuwa mtu wa kusoma maneno penye boga la ukubwa ule.

Siku ya kikao wakili wa kampuni alisimama na kuionyesha picha hiyo ukutani, jina la aliyeibandika likiwa limefunikwa. Sasa Edwin aliyasoma maneno pamoja na ukumbi mzima: *Tukatae nyumba hizi. Bustani zetu zibaki.* Chini yake, moyo wa Edwin Thackray.

"Diwani, moyo huu ni wako?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni wangu."

"Ulikuwa unapinga ujenzi?"

"Nilikuwa nasifu boga."

Ukumbi ulicheka, na mwenyekiti naye. Lakini mwanasheria wa halmashauri alitikisa kichwa. Edwin hakubishana, alichukua kofia yake, akainama mlangoni, akatoka. Kura zikalingana. Mwenyekiti akapiga ya kuamua, na nyumba zikapita.

Usiku ule Muriel hakuvua hata koti.

"Andika sasa hivi! Waeleze lilikuwa boga la nani, waende wakamuulize."

"Halafu? Mtu abandike picha ya boga lake kwa nia njema, kesho aambiwe yeye ndiye aliyetupotezea bustani?"

"Na jina lako je?"

"Jina langu wewe unalijua," alisema, akaenda kuchemsha chai.

Hakulizungumza tena. Picha ilifutwa kundini, matingatinga yakaja, na maboga yake ya mwisho Edwin aliyalima kwenye mapipa nyuma ya nyumba, chini ya blanketi lile lile. Muriel hakulidai tena.

Wiki iliyopita alikuwa kwenye foleni ya bucha wakati Cynthia Oldroyd, ambaye sauti yake haijui kushuka, alipoanza tena habari za diwani aliyenunuliwa. Muriel aligeuka akamweleza yote, kama yalivyoelezwa hapa, bila kupandisha sauti. Mwenye bucha alibaki ameshika kisu.

"Haya, Bi Thackray," Cynthia alisema, "hilo boga lilikuwa la nani? Kama kweli lilikuwepo."

Muriel aliwatazama majirani waliopanga foleni nyuma yake, wote aliowajua kwa majina. Akachukua soseji zake.

"Lilikuwepo, na lilikuwa zuri. La nani, sisemi."

"Lakini—"

"Nimesema sisemi, Cynthia."