Insulini ya Mama na Paka Wake

Mama alihamia kwangu Tunduma kutoka Ihanda mwaka uliofuata kifo cha baba. Alikuja na mfuko wa maharage, sindano zake za insulini, na paka. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha, nimepanga vyumba viwili nyuma ya maegesho ya malori, na sikutaka paka. Lakini paka yule alikuwa amelala miguuni pa baba muda wote wa ugonjwa wake, na siku baba alipokata roho ilibidi wamtoe kitandani kwa nguvu. Mama asingemwachia mtu yeyote. Alimwita Nyau tu, basi.

Kiangazi kile Nyau alianza kunywa maji kupita kiasi. Alitumbukiza kichwa kwenye ndoo, akanywa, akaenda kukojoa, akarudi tena. Alikula mpaka akalamba sufuria, na bado mbavu zilikuwa zikihesabika. Pembeni mwa choo, pale alipozoea kukojoa, mchanga ulijaa sisimizi.

Mama aliinama akawatazama wale sisimizi, kisha akaniita.

"Huyu ana ugonjwa wangu."

Nilicheka. "Mama, paka anapataje sukari?"

"Kama nilivyoipata mimi. Mimi nilianza kujishuku kwa sisimizi hivi hivi, kabla hata sijapimwa."

Nilimwita bwana mifugo zaidi ili mama atulie. Alikuwa mtu wa ng'ombe. Kazi yake kubwa ilikuwa kukagua mifugo iliyoletwa mnadani kutoka bondeni Momba, na alifika kwetu na mabuti yake ya matope. Alimwamkia mama, akamsikiliza mpaka mwisho. Akaomba kile kipimo mama alichokuwa akijipimia sukari, akatoboa ukingo wa sikio la Nyau, akakamua tone la damu. Namba iliyotokea mama hakuwahi kuifikia hata siku alizougua sana.

"Mama, ni kweli," alisema. "Ila mimi paka mwenye sukari sijawahi kumtibu. Ngoja nimpigie mwenzangu niliyesoma naye Morogoro."

Alitoka nje na simu, akaongea huko mpaka chai yake ikapoa. Aliporudi alitupa masharti. Ugali basi, wali basi, maziwa basi. Apewe nyama, maini, samaki, dagaa waliooshwa chumvi ikatoka. Insulini ya mama ingefaa kuanzia, kwa kipimo kidogo kabisa, asubuhi na jioni, akishakula.

"Asipokula msimchome," alisisitiza. "Na mkimwona anayumba au anatetemeka, mpakeni asali kwenye ufizi halafu mnipigie mara moja."

Mama ndiye aliyemchoma. Alimpakata, akavuta ngozi ya mgongoni karibu na shingo, akaingiza sindano huku akimsemesha kwa Kinyiha, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwangu. Kisha alifunua gauni akajichoma mwenyewe tumboni kwa sindano nyingine. Ikawa ndio utaratibu wa nyumba. Taratibu Nyau akapunguza maji, manyoya yakalala vizuri, na asubuhi moja nikamkuta juu ya kabati, mahali ambapo alikuwa hajaruka tangu waje.

Sisi hatukuwa na friji. Insulini ilikaa kwenye friji ya jirani yetu mwenye duka, katikati ya chupa za soda. Siku aliposikia kwamba paka naye anachomwa, alinirudishia chupa ikiwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Dada, dawa ya mama sina neno. Ya paka hapana. Watu wananunua soda humu."

"Lakini ni chupa hiyo hiyo."

"Ndiyo maana siitaki."

Maneno yalienea. Niliwahi kupita kisimani nikasikia mtu akiuliza ni paka wa namna gani huyo anayepigwa sindano kama mtu, na mwenzake akajibu kwamba huko walikotoka wanajua wenyewe. Tangu hapo majirani wakawa wanawaita watoto wao ndani Nyau akipita. Mama alijifanya hasikii. Alinunua mtungi, akaujaza mchanga uliolowa, akauweka kwenye kona yenye baridi, na chupa ikakaa humo.

Halafu dawa ikaadimika. Hospitalini mama alipewa chupa moja mahali pa mbili, akaambiwa arudi baadaye. Maduka ya dawa mjini hayakuwa nayo. Nilivuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kwa mama mdogo, aliyeolewa kule, akaniahidi kutafuta. Nilipomweleza kwamba na paka anatumia, alishika kichwa. "Mayo! Dada yangu anagawana dawa na paka?"

Nilimtetea mama. Nilisema kiasi cha Nyau ni kidogo mno, hakiwezi kumpunguzia mtu kitu.

Ndivyo nilivyoamini mpaka nilipoanza kumwona mama akinywa maji. Aliinuka kutoka mezani kwenda ndooni, akarudi, akainuka tena. Kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu kilikuwa hakikauki. Siku moja nikashika mkono wake alipokuwa akijichoma, nikatazama sindano. Ilikuwa nusu ya kipimo chake.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninaibana mpaka ije nyingine."

"Na ya Nyau umeibana?"

Aligeuka akamtazama Nyau.

"Mama, huyu ni paka!"

"Unadhani sijui kwamba ni paka?" Aliuchomoa mkono wake. "Baba yako alipokuwa anakufa, wewe ulikuwa hapa na malori yako. Mimi nilikuwa nikitoka kwenda shamba, nani alibaki naye? Niambie, nani alibaki naye?"

Kesho yake nikiwa kazini niliitwa: mama ameanguka uani. Tulimpakia kwenye pikapu ya jirani yule yule mwenye duka, tukampeleka hospitali. Daktari aliuliza insulini yake iko wapi, niilete. Nilirudi nyumbani, nikatoa chupa mtungini. Ndani mlikuwa na kidogo kilichobaki. Nyau alikuja akakaa mbele yangu, maana ulikuwa muda wake wa sindano. Nilimpa maini, nikafunga mlango, nikaondoka na dawa yote.

Bwana mifugo aliniambia nishikilie yale masharti ya chakula peke yake, kwamba wapo wanaostahimili. Nyau hakustahimili. Maji yalirudi, na miguu ya nyuma ikalegea, akawa anatembea kwa visigino kama mzee. Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani alimwona Nyau kabla hajavuka kizingiti.

"Hukumchoma."

"Sikumchoma, Mama. Dawa nilikuletea wewe."

Alipita, akaketi kitandani, akampandisha Nyau mapajani. Wiki nzima alinijibu kwa kichwa tu.

Baadaye mama mdogo alileta insulini kutoka ng'ambo, na hospitalini nayo ikapatikana tena. Tulimwanzia Nyau upya. Alipata nafuu kidogo, ila miguu haikurudi sawasawa, na mvua zilipoanza akaacha kula. Tulimkuta mchana mmoja chini ya kitanda cha mama, amekwisha kuwa baridi. Mama alimfunga kwenye kanga yake na kumzika nyuma ya nyumba, hakutaka nimsaidie kuchimba.

Jioni ile alinyoosha mkono akaomba sindano. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, namba ndogo hazioni. Nilivuta dawa, kipimo chake kamili, nikamwonyesha. Alifunua gauni, akageuza uso kuelekea dirishani, nami nikamchoma.