Nilivyowafundisha Wanakwaya Kupika Sabuni

Hata sijui nani alinipa cheo cha ualimu, ila niliwaita bamama wa kwaya yetu hapa Baraka niwafundishe kupika sabuni. Kwa ubahili wangu, nilitumia mafuta ya mawese niliyokuwa nimekaangia samaki ndagala.

Mama Riziki, kiongozi wa kwaya, akanusa sufuria. "Dada, hii iko na harufu ya samaki."

"Ni soda ya kupikia sabuni tu, mama," nikamjibu kwa maringo. "Sabuni ikikauka, harufu inaisha."

Maskini, wakaniamini, wakafulia sare zote.

Jumapili wakasimama kuimba. Jasho likawatoka, na harufu ikajaa kanisani. Pasta akaziba pua.

"Nani ameleta ndagala mu kanisa?"

Mama Riziki akaninyooshea kidole. "Pasta, uliza mwalimu wetu."